Sarafu ya niobi yenye doa: rangi haijabanduka, usimpe sonara

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Marehemu shangazi yangu aliishi Austria miaka mingi, na katika vitu alivyoniachia imo sarafu ya euro 25 ya mwaka 2004, katikati kijani, pembeni fedha. Watoto waliitoa kwenye kibweta chake wakaishika. Sasa kwenye kijani pana doa la kikahawia lenye umbo la kidole, na pete ya fedha imeanza kuingia umanjano. Sonara mmoja ameniambia rangi imebanduka na kwamba ana mashine ya kuirudishia. Je, ni rangi ya kupaka? Nimpe? Na nikitaka kuiuza nianzie wapi?"

Usimpe, dada. Hakuna rangi iliyobanduka kwa sababu hakuna rangi iliyopakwa. Doa hilo, kwa umbo ulilolieleza, ni mafuta ya kidole yaliyolala juu ya uso wa sarafu, na yanaondoka kwa asetoni bila kusugua hata mara moja. Pete ya fedha ina kesi yake peke yake, na ushauri wangu kwake hautakupendeza.

Tuanze na ulichonacho. Sarafu hiyo inaadhimisha miaka 150 ya reli ya Semmering, ile iliyofunguliwa mwaka 1854 kupanda milima ya Alpi kusini-magharibi mwa Vienna. Ilitolewa na Münze Österreich, kiwanda cha sarafu cha Austria, vipande 50,000. Ni ya pili katika mfululizo wao wa fedha pembeni na niobi, aina ya metali, katikati; ya kwanza, ya mwaka 2003, ilikuwa ya miaka 700 ya mji wa Hall huko Tirol. Kabla ya hapo, mwaka 2000 na 2001, kiwanda hichohicho kilitia titani katikati ya sarafu za shilingi 100. (Naam, Austria nayo ilitumia shilingi, mpaka noti na sarafu za euro zilipoingia 2002.) Titani ni ngumu na inagombana na chapa, niobi safi ni laini, inapokea mchoro bila ubishi, na inashika rangi nyingi zaidi.

Niobi yenyewe si ngeni huku kwetu kama jina lake linavyosikika. Ile "kol" ya mwanzo katika neno koltani ni kolumbi, jina la zamani la niobi. Mashapo yake yanajulikana Mrima huko Kwale na Panda Hill karibu na Mbeya, ingawa niobi inayoingia sokoni duniani kwa sehemu kubwa hutoka Brazili, na nyingi huishia kwenye chuma imara cha ujenzi na mabomba. Ikiwa haijafanyiwa lolote, ni metali ya kijivu tu, ukiiona mezani hungeinama kuiokota.

Rangi inazaliwa hivi. Kipande cha niobi hufungwa kwenye ncha chanya ya umeme, kikazamishwa ndani ya maji yenye chumvi ya kemikali, fosfeti kwa mfano. Umeme unalazimisha oksijeni iungane na metali, na juu yake unaota utando wa oksidi, mgumu, ulio wazi kama kioo. Unene wa utando unaamuliwa na volti: kila volti moja inaongeza takriban nanomita 2.5 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ukisimamia volti 20 unapata nanomita 50 hivi, na jicho linaona zambarau. Kwenye 30 ni buluu. Kwenye 50 na kitu inageuka njano ya dhahabu, kwenye 70 waridi lililoiva, na ukikaribia 100 ndipo kijani kinapotokea. Kwa hiyo kijani chako ni utando wa karibu nanomita 240. Unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita 70,000 hivi.

Ndani ya utando huo hamna chembe ya kijani. Mwanga ukiufikia, sehemu inarudi kutoka juu, sehemu inapenya, inagonga metali chini na kurudi. Mawimbi hayo mawili yanapokutana, mengine yanasaidiana na mengine yanauana, na linalobaki na nguvu ni la kijani. Ni kisa kilekile cha tone la dizeli juu ya dimbwi la maji kituoni, isipokuwa hapa unene umepimwa kwa volti na umegandishwa.

Sasa mtoto akiweka kidole juu. Mafuta ya ngozi yanapinda mwanga zaidi ya hewa na pungufu ya oksidi, kwa hiyo yanakaa katikati yao kama mpatanishi. Uso wa utando ulio wazi unarudisha karibu asilimia 15 ya mwanga. Ukifunikwa na mafuta, pale mafuta yanapokutana na oksidi hurudi chini ya asilimia 5. Wimbi moja likidhoofika hivyo, halina tena nguvu ya kupambana na jenzake, na kijani kinafifia kuwa kahawia au kijivu palepale kidole kilipogusa. Utando uko chini yake mzima, haujaguswa. Jasho haliuli, mafuta hayauli. Jua pia haliufifishi, tofauti na wino, kwa sababu hakuna kitu cha kuchujuka.

Linaloweza kuuharibu ni kusuguliwa. Nanomita 240 haziwezi kustahimili dawa ya meno, majivu, wala kitambaa chenye vumbi la mchanga. Ukipunguza unene kidogo unabadilisha rangi, ukiumaliza unaona kijivu. Fahamu basi: kilichoongezeka juu ya utando kinaondoka na rangi inarudi; kilichokwanguliwa hakioti tena chenyewe. Niobi ikikwaruzwa hujifunika upya kwa oksidi ya hewani, lakini hiyo ni ya nanomita chache mno, haina rangi ya kuonekana.

Kabla hujafungua chupa ya asetoni, hakikisha sarafu ni ya aina hii kweli. Ninasema hivi kwa sababu sarafu nyingi za rangi zinazozunguka huku si za oksidi, ni za wino uliochapwa: zile za fedha zenye tembo zinazobeba jina la Somalia hutoka pia katika toleo la rangi, na robo dola ya Kanada yenye ua jekundu ya mwaka 2004, inayotajwa kuwa sarafu ya kwanza ya rangi kuingia katika matumizi ya kawaida, nayo ni ya wino. Hizo asetoni inazivua nguo. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10, simama dirishani asubuhi. Wino unaonekana kama ngozi iliyobandikwa: una ukingo wake, wakati mwingine vidotidoti, na unafunika mikwaruzo midogo iliyo chini. Oksidi inang'aa kimetali, na kila mstari mwembamba wa chapa unaonekana ndani yake. Kisha inamisha sarafu polepole mpaka uitazame kwa ubavu. Wino haubadiliki. Kijani cha oksidi kinasogea kidogo kuelekea buluu. Kidogo tu, kama asilimia 7 ya urefu wa wimbi ukifika nyuzi 60, kwa hiyo usitegemee upinde wa mvua.

Ukiwa na mizani ya sonara ya kusoma hadi gramu 0.01, pima. Sarafu za 2003 na 2004 zina gramu 17.15: pete ya fedha ya 900 (sehemu 900 kati ya 1,000 ni fedha safi) yenye gramu 10, kiini cha niobi gramu 7.15. Zilizofuata ziko kwenye gramu 16.5, kiini kikiwa 6.5, na idadi yake ikapanda hadi 65,000. Kipenyo ni milimita 34. Ukipima kwa kalipa ya chuma, taya zake zisiguse kingo moja kwa moja; weka kipande cha karatasi katikati, au tumia ya plastiki. Sumaku isivute popote, si pete wala kiini. Ikivuta, hiyo si ya Austria.

Sasa kuosha. Unahitaji asetoni safi, ile ya maabara au ya duka la kemikali. Ya kutolea rangi ya kucha haifai: wengi huitia mafuta ya kulainisha ngozi, manukato na rangi, utatoa doa moja na kuacha jingine sarafu nzima. Unahitaji vibakuli viwili vya kioo au vya udongo uliong'arishwa. Si vya plastiki, na kibweta cha sarafu kikae mbali kabisa, maana tone moja la asetoni linakitia ukungu usiotoka. Kazi ifanyike karibu na dirisha lililo wazi, pasiwe na jiko la mkaa, mshumaa, wala chetezo katika chumba hicho; mvuke wa asetoni unatambaa chini na kushika moto kutoka mbali.

Kunja taulo mara nne uitandike mezani, ili sarafu ikiponyoka isianguke kwenye sakafu. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, kamwe usibane nyuso zake. Kama kuna vumbi, lipulize kwanza kwa kipira cha kupulizia cha wapiga picha. Usipulize kwa mdomo: mate hayaonekani yanaporuka, lakini kwenye fedha yanaacha vidoti vyeusi baada ya miezi michache, na hivyo havitoki. Ilaze sarafu ndani ya kibakuli cha kwanza, asetoni iizidi kwa nusu sentimita. Iache dakika 3. Igeuze kwa kuishika ukingoni, dakika 3 nyingine. Ihamishie kwenye kibakuli cha pili chenye asetoni mpya kwa nusu dakika. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia mafuta yaliyoyeyuka yasitandazwe upya juu ya uso mzima. Itoe, iegemeze wima juu ya karatasi nyeupe isiyo na manyoya, iache ikauke yenyewe. Ni sekunde chache. Usifute, hata kwa kitambaa cha miwani.

Usishtuke ikiwa ndani ya asetoni kijani kinafifia karibu kutoweka. Kimiminika kinafanya kazi ileile iliyofanywa na mafuta. Kikishakauka, rangi inajitokeza kutoka ukingoni kuelekea katikati, na kwa kweli ni jambo la kupendeza kulitazama. Doa likibaki, rudia mara moja kwa asetoni mpya. Likibaki tena, angalia kwa kioo: ukiona mistari midogo inayoelekea upande mmoja, huo ni mkwaruzo, mtu ameshajaribu kuifuta. Hapo simama. Hakuna dawa, na kila jaribio la ziada linapunguza bei.

Kama asetoni safi haipatikani, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 inafanya kazi, polepole zaidi. Ongeza muda hadi dakika 10. Ile ya asilimia 70 ya dukani ina maji mengi, na maji yanajipenyeza kwenye kiungo cha pete na kiini na kukaa humo. Ukilazimika kutumia maji, yawe yaliyotoneshwa, na umalizie kwa asetoni ili kuyavuta. Angalizo la kwetu: "maji ya betri" madukani huweza kuwa maji safi na huweza kuwa tindikali. Soma lebo mara mbili.

Pete. Umanjano unaouona ni salfidi ya fedha. Pete hiyo ina asilimia 10 ya shaba, kwa hiyo inashika mapema kuliko fedha ya 999, na hewa ya Tanga yenye unyevu, chumvi na harufu ya mikoko inaharakisha. Jambo la kuchekesha ni kwamba umanjano huo nao ni utando mwembamba unaocheza na mwanga kama ule wa kijani. Ukiachwa unakwenda waridi, kisha buluu, mwisho mweusi. Ushauri ni kuuacha. Najua utaambiwa ndimu na majivu, ukwaju, karatasi ya alumini na magadi, au dawa ya kuchovya fedha. Ndimu na majivu yatakula pete na kukwangua kiini kwa pamoja. Njia ya alumini na magadi hufanya kazi kwenye bangili, lakini hapa maji moto yenye magadi yanaingia kwenye kiungo, na baada ya wiki unaona duara jeusi mahali pete inapokutana na niobi. Dawa ya kuchovya inaacha fedha imepauka, bila ule mng'ao wa kiwandani, na mkusanyaji anaitambua kabla hajaweka miwani. Umanjano mwepesi haupunguzi bei sana. Pete iliyosuguliwa inaipunguza hadi thamani ya fedha.

Hiyo thamani ya fedha uijue, kwa sababu ndiyo sonara atakayoizungumzia. Fedha safi iliyomo ni gramu 9, yaani wakia 0.29. Niobi kwa uzito huo haina soko kwa fundi wa vito. Kwa hiyo anayekupimia gramu 17 zote kwa bei ya fedha hajui anachonunua, na anayekupa bei ya gramu 9 anajua vizuri mno. Usikubali pia akwangue ukingoni kwa jiwe la kupimia na kudondosha tindikali. Vipimo vya uzito, kipenyo na sumaku vinatosha.

Na mashine yake? Huenda anayo kweli. Kutia rangi niobi na titani kwa umeme ni kazi ya kawaida kwa watengeneza hereni, na kifaa chake ni chanzo cha umeme wa moja kwa moja cha kupandisha hadi volti 100 na bakuli la maji ya chumvi. Lakini hereni ni niobi tupu. Sarafu yako imevaa pete ya fedha iliyobanwa kwa nguvu ya mashinikizo, metali kwa metali. Ukiizamisha yote, fedha haijengi utando wa kuzuia umeme kama niobi. Inapitisha mkondo wote, inaanza kuyeyuka na kuwa nyeusi, na volti kwenye kiini hazipandi kufikia kijani. Ili afanikiwe inambidi atoe kiini kwenye pete, na akishakitoa huna sarafu tena, una vipande viwili. Zipo zilizopita kwenye mikono ya namna hiyo zikarudi sokoni. Utazijua kwa rangi iliyotanda laini hadi juu ya mikwaruzo, kijani kisichofanana na cha picha za toleo, na alama za kukwanguliwa mahali pete ilipofunguliwa.

Kuhifadhi. Ikishakauka, irudishe kwenye kibweta chake ikiwa hakijapasuka. Kama kimepasuka, nunua kapsuli ngumu, yaani kijumba cha plastiki cha kuwekea sarafu, ya milimita 34. Vifuko laini vya plastiki yenye harufu ya viatu vipya ni vya PVC, vinatoa uteute wa kijani unaonata juu ya fedha, epuka. Tia kapsuli, sanduku na hati yake ndani ya chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko unaobana, cha lita moja au mbili, pamoja na gramu 30 za jeli ya silika, vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu na mabegi. Vya sandukuni mara nyingi vimeshanyonya unyevu wote viliokutana nao njiani, kwa hiyo nunua punje zenye kiashiria cha rangi ya chungwa. Zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa saa mbili. Kipima unyevu kidogo cha kidijiti ndani ya chombo kisome kati ya asilimia 40 na 50. Pwani, wakati wa masika, kabatini bila chombo utasoma 80 na zaidi.

Usifunge kwa mpira wa kufungia pesa, una salfa. Usiiweke kwenye kabati la nguo lenye vidonge vya nafutalini. Na udi: chumba kinachofukizwa kila Alhamisi kina filamu ya mafuta ya moshi juu ya kila kitu, na hapo nanomita za kijani zitaanza kukupa kahawia hata kama hakuna mtoto aliyeingia.

Ukiamua kuuza, uza na sanduku, hati yenye namba na kapsuli kwa pamoja. Moja likikosekana bei inashuka, na hati peke yake haina maana. Kumbuka sarafu za euro zilizotolewa kwa ajili ya wakusanyaji ni halali kulipia katika nchi iliyozitoa tu, kwa hiyo hiyo 25 inapokelewa Austria, si duka la Frankfurt wala la kubadilishia fedha Nairobi. Soko lake ni wakusanyaji. Mwambie mnunuzi mapema kwamba iliguswa na kuoshwa kwa asetoni, na kwamba pete haijaguswa. Piga picha mbili kwa kila upande: moja sarafu ikiwa imelala, karatasi nyeupe ikiwa imeinuliwa mbele yake ili niobi iakisi weupe badala ya simu yako, nyingine ikiwa imeinamishwa nyuzi 30 karibu na dirisha bila taa ya simu. Niobi iliyonyooka mbele ya kamera huakisi lenzi nyeusi, na kijani kizuri kinatoka kama tope. Wengi wamepunguziwa bei kwa kosa hilo tu la picha.